Huko Juu Walikuwa Wanalima Nini?

Desemba 2023, wiki ileile matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh, niliandika shairi. Beti nane, vina vya kati na vya mwisho vimekaa mahali pake, mizani haijayumba hata mstari mmoja. Nikalirusha kwenye makundi ya WhatsApp, likasambaa. Watu wakanijibu kwa vikatuni vya machozi na mikono ya dua. Mmoja akaniambia amelisoma kanisani Jumapili. Kusema kweli nilijisikia mshairi.

Kisha nikampigia simu mama mdogo, kule milimani nje kidogo ya mji wa Mbinga, nikamsomea. Mama mdogo ni mkulima: kahawa, maharage, mahindi na nguruwe wawili. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akasema, "Pole yao jamani. Sasa mwanangu, huko juu walikuwa wanalima nini?"

Sikujua. Nikamwambia, "Mama, hili ni shairi la maombolezo."

"Nimesikia. Ndiyo maana nauliza."

Nilidhani hakulielewa shairi. Imenichukua muda mrefu, na fedheha kidogo, kukubali kwamba alilielewa kuliko wote waliolisifu. Kwa hiyo leo sihakiki kitabu kipya. Nahakiki kwanza shairi langu mwenyewe, halafu desturi nzima lililotoka humo: namna tunavyoandika kwa Kiswahili mlima unapoanguka. Shairi lenyewe sitalinukuu. Wanaolikumbuka wanalikumbuka, na wasiolikumbuka hawajakosa kitu.

Nianze na kitenzi, maana kosa la kwanza lilikuwa humo. Katika beti nane nilitumia "poromoka" mara tano. Ni neno zuri, linatoa sauti ya jambo lenyewe. Lakini hebu litazame linavyofanya kazi. Maji yakiporomoka tunapata maporomoko, tunapiga picha, tunaweka na kiingilio getini. Udongo ukiporomoka tunapata maporomoko vilevile, ila hapo tunahesabu maiti. Theluji ya Ulaya ikiporomoka, mtangazaji wa redio anasema maporomoko ya theluji na kuendelea na habari za michezo. Na Mbinga kwetu kitu tunachokisikia kikiporomoka mara nyingi kuliko vyote ni bei ya kahawa.

Sasa tazama umbo lake. Poromoka, vunjika, meguka, katika: vitenzi hivi havidai mtendaji. Glasi imevunjika. Umeme umekatika. Bei imeporomoka. Mtoto wa miaka minne anaujua mlango huu wa sarufi kabla hajaanza shule. Ukimkuta jikoni amesimama juu ya vigae hakwambii "nimevunja", anakwambia "mama, glasi imevunjika". Shairi langu lilisimama hivyohivyo mbele ya Hanang. Mlima umeporomoka, jamani. Hakuna aliyefanya kitu, hakuna kilichotangulia, hakuna wa kuulizwa.

Kiswahili kina kitenzi cha pili, "poromosha", ambacho kinadai mtu. Watu huporomosha matusi. Na mtaani kuna matumizi mengine mnayoyafahamu: jamaa akijenga nyumba kubwa tunasema ameporomosha bonge la mjengo. Yaani katika lugha ya mtaani anayeporomosha ndiye anayejenga. Nilipoligundua hili mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi silicheki, na nitaeleza sababu huko chini.

Kosa la pili lilikuwa neno "ghafla". Shairi lilianza na mlima uliolala kwa amani, ubeti wa pili ukaja na ghafla, na kuanzia hapo ni vilio. Huu ndio muundo wa mashairi yetu mengi ya maafa. Fungua kurasa za mashairi za magazeti ya baada ya MV Bukoba kuzama Mei 1996, au baada ya ajali yoyote kubwa ya barabarani, utakutana nao: siku na mahali, utulivu, ghafla, idadi ya waliofariki, pole kwa wafiwa, dua. Siudharau muundo huu. Ni daftari la kumbukumbu. Unahakikisha kwamba tarehe haipotei na kwamba waliokufa wametajwa mbele ya watu, na kwa mfiwa hilo si jambo dogo.

Ila ghafla ni neno la mtu aliyesimama chini. Serikali ilipotoa maelezo kuhusu Hanang, ilisema sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilifyonza maji ya mvua, ikaelemewa, ikameguka. Soma tena sentensi hiyo: dhaifu, ilifyonza, ikaelemewa, ikameguka. Ni mfululizo, una mwanzo na una muda. Maji yalikuwa yakiingia mwambani wakati watu wa Katesh na Gendabi wakipika, wakifunga maduka, wakilala. Ubeti wangu wa kwanza, ule wa amani, ulikuwa uongo. Mlima haukuwa umelala. Taarifa ya ofisi, isiyo na kina wala mizani, ilikuwa na hadithi ndani yake kuliko shairi langu.

Huenda tatizo linaanzia kwenye namna tunavyoufikiria mlima. "Milima haikutani, binadamu hukutana." Mlima kwetu ni kitu kisichokwenda popote. Mwaka 1961 tulipotaka kuonyesha kwamba uhuru umesimama, tulipeleka mwenge juu ya Kilimanjaro. Lakini lugha hiihii ina methali za aina nyingine. "Dalili ya mvua ni mawingu." "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Hizi hazisubiri msiba. Zinakutaka uangalie juu leo, uangalie ukuta leo. Yaani tunayo fasihi ya kabla. Mtunzi wa methali alitunga ufa ukiwa bado ufa. Mimi nilingoja ukuta uanguke ndipo nikachukua kalamu.

Nikaanza kutafuta wengine walivyoandika. Sikulazimika kwenda mbali. Kutoka Mbinga mjini barabara inashuka mteremko baada ya mteremko, kilomita sitini na kitu, mpaka Mbamba Bay. Unaondoka kwenye baridi ya mita 1,300 na zaidi, unafika ziwani chini ya mita 500 ukiwa umevua sweta. Kahawa inabaki juu, unakutana na mihogo na dagaa wa usipa walioanikwa. Mbele yako ni Ziwa Nyasa, na ng'ambo ya pili ni Nkhata Bay, Malawi. Boti zinakwenda na kurudi, watu wa ufukweni wana ndugu kotekote. Cha ajabu ni kwamba vitabu havivuki. Nimesoma riwaya za Nigeria na Urusi kabla sijasoma kitabu hata kimoja cha jirani ambaye mbu wake ni mbu wetu.

Kule kusini mwa Malawi, Zomba na Mulanje, mlima ukishuka na mawe na matope una jina. Unaitwa Napolo. Ni nyoka mkubwa anayeishi chini ya mlima. Akihama, mvua inakuja naye, ardhi inapasuka, na njia aliyopita inabaki imechimbika mpaka majini. Napolo wa Zomba wa Desemba 1946 anakumbukwa mpaka leo. Machi 1991 alishuka Phalombe, chini ya mlima Michesi karibu na Mulanje, wakafa mamia. Na Machi 2023, miezi tisa tu kabla ya Hanang, kimbunga Freddy kilipofika Blantyre, mteremko wa mlima Soche ulishuka juu ya nyumba za Chilobwe. Nchi nzima walithibitishwa kufa zaidi ya 600, na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena.

Mshairi aliyemtia Napolo vitabuni ni Steve Chimombo, aliyeishi kati ya 1945 na 2015 na kufundisha chuo kikuu palepale Zomba. Alitoa Napolo Poems mwaka 1987, kisha akazikusanya na nyingine katika Napolo and the Python, 1994. Ameandika kwa Kiingereza. Nilimsoma taratibu, kamusi pembeni, kwa wivu.

Nieleze wivu wenyewe. Kwanza, kwake tukio lina mtendaji. Halisemi tu "imeanguka". Kuna aliyetoka, aliyepita, aliyekwenda. Msomaji hawezi kukaa kama yule mtoto wa glasi. Pili, Napolo hamaliziki siku ile. Anakuwa hali: namna watu wanavyozungumza baadaye, wanavyonyamaza, wanavyoangalia juu kila wingu likikusanyika. Shairi langu lilifunga na dua na kwenda zake. Chimombo anabaki na walionusurika. Tatu, ni mazingira ya kuandika. Mwaka uleule wa 1987 kitabu kilipotoka, mshairi mwenzake Jack Mapanje alikamatwa na serikali ya Banda, akakaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu bila kushtakiwa. Katika nchi ya namna hiyo, kitu kinachoshuka kutoka juu na kufagia watu waliolala si lazima kiwe matope. Wasomaji walielewa. Napolo alikuwa maafa ya mlima na maafa ya ikulu kwa pamoja, na hakuna askari angeweza kumkamata nyoka.

Kwa miezi kadhaa niliamini nimepata dawa. Nikafikiria kulifuma upya shairi la Hanang, nimtie nyoka. Nikaacha, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni adabu. Hanang ina wenyewe, wana simulizi zao za mlima ule, na kumchukua Napolo wa Zomba nikampandishe basi hadi Manyara ni wizi mara mbili. Ya pili ni ya kihakiki zaidi. Nyoka anaweza kugeuka kuwa "poromoka" iliyovaa gamba. Ukishasema Napolo amepita, ni rahisi kutouliza kwa nini watu wa Chilobwe walikuwa wamejenga kwenye mteremko ule, nani aliwauzia viwanja, na miti ya Soche imekwenda wapi. Chimombo mwenyewe simtuhumu, yeye anamtumia nyoka kufungua maswali. Wanaoyafunga ni wasomaji kama mimi, tunaopenda sanamu ya maneno inayotisha vizuri.

Baada ya nyoka nilitaka kinyume chake: maandishi makavu kabisa kuhusu mlima unaoanguka. Rafiki aliyepo Ulaya akanielekeza kwenye taarifa za theluji za Uswisi. Kule Davos kuna taasisi ya utafiti wa theluji, kwa kifupi SLF, ambayo wakati wa baridi hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko kila siku, kwa lugha nne. Hatari imepangwa kwa madaraja matano, yaliyokubaliwa na nchi za Ulaya mwaka 1993. Niliingia kwa mzaha. Mtu wa Mbinga na theluji wapi na wapi?

Maana theluji ya kwetu, tuseme ukweli, ni ya kalenda. Inakaa juu ya Kilimanjaro kwenye chupa za maji na mashati ya watalii. Hata Hemingway, katika hadithi yake ya 1936 iliyofanya theluji ile ijulikane dunia nzima, aliifanya weupe wa mbali ambao mtu anauona anapokufa. Hakuna anayeiogopa. Ilhali Januari 2006, kwenye njia ya Western Breach ya mlima uleule, mawe yalibiruka yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Mlima wa kalenda nao unadondosha.

Basi nikazisoma taarifa za Davos, na nikakaa hapo usiku mzima. Hazisemi "kuwe na tahadhari milimani". Zinasema hatari iko kwenye miteremko inayotazama upande gani, kuanzia mita ngapi kwenda juu, na shida ni ipi: upepo umejenga bamba la theluji juu ya tabaka dhaifu, au jua limelainisha ya juu, au theluji mpya haijashikana na ya zamani. Bamba linaweza kuonekana imara, likabeba mtu, huku chini yake kuna tabaka la chembechembe kama sukari lisiloshika kitu. Mara nyingi mteremko unaoachia una zaidi ya nyuzi 30. Kila taarifa ni ya kabla. Msiba haujatokea, na mwandishi kazi yake ni kuhakikisha hautokei. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka ujuzi huu wa Uswisi na Austria wa kuishi na maporomoko ya theluji kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Urithi! Kusoma mteremko kumewekwa kundi moja na ngoma na hadithi.

Lakini kilichonigonga ni jambo moja ambalo wataalamu wa theluji hulirudia mara kwa mara. Katika ajali nyingi zinazoua watelezaji na wapandaji milima, bamba halikukatika lenyewe. Alilikata aliyekufa, au mwenzake. Uzito wa mtu mmoja, mahali pasipo sahihi, saa isiyo sahihi. Hapo ndipo "poromosha" ilipoacha kunichekesha.

Nirudi nyumbani kwa njia ya haki. Sisi nasi tunazo taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatumia ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na mimi nalipenda sana neno "angalizo". Ni angalia iliyogeuzwa kuwa kitu unachoweza kumkabidhi mtu mkononi. Ila angalizo letu kwa kawaida linataja mkoa. Mkoa wa Ruvuma una tambarare, una ufukwe, una milima ya Umatengo. Kwa mtu aliyejenga kwenye mteremko, kuambiwa Ruvuma ni kama kuambiwa Afrika. Halimwambii kama ni mteremko wake. Hiyo kazi ya kushuka kutoka mkoa mpaka mteremko inabaki kwa mwenye mteremko, na lazima awe na elimu ya kuusoma.

Na elimu hiyo ipo. Ilikuwepo nyuma ya nyumba tuliyokulia, nikaipita miaka yote nikienda shule.

Wasiofika Umatengo wanaweza kuifikiria hivi. Mlima mkali, na juu yake wavu mkubwa wa mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki. Ndiyo ngoro. Simulizi za wazee zinasema Wamatengo walisukumwa kwenye milima hii na vita vya Wangoni karne ya 19, wakalazimika kuishi na kulima pasipolimika. Mvua zinapoelekea ukingoni, kama Machi hivi, majani yanafyekwa na kuachwa yakauke. Kisha yanapangwa kwa mistari inayokatana, yakitengeneza miraba ya mita moja na nusu hivi kila upande. Halafu kinachimbwa cha katikati ya kila mraba, na udongo wake unafunika yale majani. Panabaki shimo, na kuizunguka tuta lenye majani yanayooza ndani. Maharage yanapandwa juu ya tuta, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikija, maji hayapati mahali pa kukimbia. Yanaingia shimo hili, yanatulia, yanaacha udongo wake hapo. Wakati wa palizi magugu yanatupwa shimoni, nayo yanakuwa mbolea.

Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga majani. Wanaochimba mashimo ni wanawake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja miaka ya 1990 kuchora na kupima kile ambacho mama zetu walikuwa wakikifanya kwa jembe la mkono bila kuchora. Nikikumbuka hilo nikalinganisha na UNESCO na theluji yake, naona Uswisi wameandika taarifa na sisi tumeichimba. Mteremko uliolimwa ngoro umesomwa mraba kwa mraba, na mtu aliyejua kwamba maji ni mtendaji.

Nisije nikatia chumvi. Ngoro inazuia udongo wa juu usichukuliwe na mvua. Haizuii mwamba wa Hanang kumeguka, wala sidhani mama mdogo alimaanisha hivyo alipouliza. Sehemu ya juu ya Hanang ni hifadhi ya msitu, si shamba la mtu, na kuwasingizia waliofukiwa kwamba walijiletea ni kosa baya kuliko ghafla yangu. Swali lake halikuwa tuhuma. Ndilo swali la kwanza ambalo msomaji wa mteremko huuliza. Kabla ya kulia anataka kujua huko juu kulikuwa na nini, na maji yalipitia wapi.

Sasa ile sehemu niliyoahidi. Wakati naandika shairi la Hanang nilikuwa najenga. Mwaka mmoja na zaidi nilikuwa natuma pesa Mbinga, nyumba ya vyumba vinne kwenye kiwanja cha familia, bati la rangi, nguzo mbili barazani. Kiwanja chetu ni mteremko, kama viwanja vyote vya kule. Fundi alisema hakuna shida, tunakata. Wakakata mlima kama mtu anavyokata mkate, ukuta wa udongo umesimama wima nyuma ya nyumba, mrefu kunizidi. Udongo wakausukuma bondeni. Juu ya ule ukuta kuna shamba la mama mdogo, na mistari ya chini ya ngoro zake ilikwenda na mkato.

Alinipigia siku ile. "Mwanangu, mafundi wako wameukata mlima mguu." Nililipenda hilo neno, nikaliandika kwenye daftari langu la semi za kienyeji. Nilidhani ni tamathali. Baadaye sana, mhandisi niliyemlipa aje kuangalia alieleza jambo lilelile bila tamathali: sehemu ya chini ya mteremko ndiyo inayozuia ya juu isishuke, ukiiondoa umeondoa kizuizi. Mguu kweli. Mama mdogo alinipa angalizo, lenye mahali na sababu, na mimi nikaliweka kwenye mkusanyo.

Wiki moja kabla ya Hanang nilituma picha ya nyumba ikiwa kwenye linta kwa washikaji zangu. Chini yake niliandika: tumeporomosha. Wiki moja baadaye nikaandika beti nane za mlima ulioporomoka bila mtendaji, nikamsomea mwanamke anayelima juu ya ukuta niliokata, na akaniuliza huko juu walikuwa wanalima nini. Hakuongeza neno. Watu wa rika lake hawamwaibishi mtoto kwenye simu.

Kwa hiyo ninaposema mashairi yetu ya maafa yanahitaji kitenzi kingine, sizungumzi kuhusu ufundi wa utunzi tu. Anayeandika "umeporomoka" akiwa na jembe mkononi anajifichia kitu. Sitaki kila shairi liwe ripoti ya uchunguzi, wala sitaki mfiwa asomewe nyuzi za mteremko kaburini. Maombolezo yana saa yake. Lakini lugha yenye methali ya ufa haiwezi kuwa na mashairi ya ukuta ulioanguka peke yake. Tunahitaji shairi linaloanza Machi, majani yakiwa yanafyekwa. Tunahitaji riwaya ambayo fundi anasema hakuna shida, tunakata, na bibi mmoja juu ya kilima anasikia. Tunahitaji Chimombo aliyetafsiriwa kwa Kiswahili, awavukie watu wa Mbamba Bay, ili tugombane naye vizuri. Na wahakiki tuache kusifu vina pale ambapo ubeti wa kwanza unadanganya.

Nyumba haijaisha. Ukuta wa nyuma umeshushwa kwa ngazi tatu, imegharimu hela ambayo ingeezeka bati. Juu umechimbwa mtaro wa kukinga maji, na mama mdogo amesimamia kuchimbwa upya ngoro za pembeni, kwa malipo, maana alisema ujinga wa mtu haupaliliwi bure. Vyumba vya kulala tumevihamishia mbele. Kwenye udongo wa juu kulikuwa na ufa mwembamba, haujai kidole. Amepigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, na anapima kwa uzi kila Jumamosi akitoka shambani.

Shairi bado sijaliandika upya. Jumamosi iliyopita nilimpigia, nikamsalimia, shikamoo mama, nikamuuliza habari za mvua. Imeanza, alisema, nzito ya usiku. Na vijiti?

"Uzi bado unafika," akasema. "Niulize tena wiki ijayo."